Mboni nyeupe, mtoto wa jicho na "picha" ya jicho

Mboni ni nomino ya ngeli ya i-/zi- inayotaja tundu jeusi katikati ya jicho, ambamo nuru hupitia. Asili yake ni mzizi wa Kibantu -bon-, wenye maana ya kuona. Kitenzi ona kimepoteza /b/ yake. Mboni imeihifadhi kwa kukingwa na nazali iliyoitangulia. Msemaji wa Kinyamwezi wa Ipuli, Tabora, hahitaji maelezo marefu hapa, kwani katika lugha yake kuona ni kubona. Kiswahili kilichopanda bara na misafara ya karne ya 19 kilimkuta huko ndugu yake akiwa bado na /b/.

Utata wa matumizi huanza pale mboni inapoonekana nyeupe. Aghalabu mzazi huugundua weupe huo katika picha ya simu iliyopigwa kwa taa: jicho zima hurudisha wekundu wa retina, ilhali jicho lenye uvimbe huweza kurudisha weupe. Wengi huuita weupe huo mtoto wa jicho. Hata hivyo, mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, maradhi ambayo jamii imeyazoea kwa wazee na ambayo kwa mzee mara nyingi huweza kusubiri. Kwa mtoto mdogo, weupe unaweza kuwa dalili ya retinoblastoma, saratani ya retina inayowapata hasa watoto walio chini ya miaka 5, nayo haisubiri. (Hata mtoto wa jicho halisi, akiwa kwa mtoto mchanga, hafai kungojewa.) Mboni nyeupe ni dalili, mtoto wa jicho ni jina la ugonjwa. Mfasiri anayeweka la pili mahali pa la kwanza amekwisha kutoa uamuzi uliokuwa wa daktari. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, iliko Hospitali ya Taifa Muhimbili, ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli ya kati, na hakuna familia inayofunga safari hiyo kwa haraka kwa sababu ya neno linaloashiria kungoja.

Neno picha nalo limebebeshwa mengi. Husemwa mtoto "akapigwe picha", iwe ni kwa kamera ya retina, ambayo kwa mtoto mdogo mara nyingi hutumiwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, au kwa ultrasaundi, CT au MRI. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, na huweza kuonyesha chembe za kalsiamu ndani ya uvimbe. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Ndiyo inayosaidia kujua iwapo uvimbe umefuata neva ya jicho kuelekea ubongoni. CT hutumia eksirei. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Mtoto aliyezaliwa na hitilafu katika jeni ya RB1 ana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani nyingine baadaye, hivyo madaktari huepuka kumwongezea mionzi ya eksirei inapowezekana. Kuandika "mionzi ya MRI" ni kosa baya: mzazi aliyekwisha kuonywa kuhusu mionzi atakataa kipimo kilichochaguliwa ili kuiepuka. Ni heri kukitaja kipimo kwa jina lake, kisha kueleza kinavyofanya kazi.

Limebaki kurithi. Takriban watoto 4 kati ya 10 wenye retinoblastoma wana hitilafu hiyo katika seli za mwili mzima, lakini wengi wao hawana mzazi aliyewahi kuugua; mara nyingi hitilafu imeanza kwa mtoto mwenyewe. Ukiandikwa "ugonjwa wa kurithi", ukoo huanza kutafuta umetoka upande wa nani, na mara nyingi lawama humwangukia mama. "Hitilafu ya jeni" ni sahihi zaidi. Kitenzi kinachofaa hapa ni rithisha, kwa kuwa kinatazama mbele: mtoto mwenye hitilafu hiyo, akikua na kuzaa, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata, na kwa sababu hiyo macho yake huanza kuchunguzwa tangu azaliwe, kabla mboni haijawa nyeupe.