Harusi Ikiisha Ukumbini Huhamia Sebuleni

Watu wanapomhurumia mpiga video wa harusi, wanamhurumia kwa Jumamosi yake. Wanamwona saa moja asubuhi yuko saluni kwa bibi harusi, mchana kanisani, jioni ufukweni kwenye picha za maharusi, usiku ukumbini akizunguka na kamera wakati wageni wanakula. Anafika kwake saa nane usiku, miguu imevimba. Siku hiyo ni ngumu kweli. Hata hivyo, nimeifanya kazi hii tangu zama za kaseti za MiniDV, nimefundisha vijana wengi wanaoishi nayo leo, na nyumba nilizoziona zikiyumba hazikuyumbishwa na Jumamosi. Jumamosi ina mwanzo na mwisho. Mke au mume anaijua, watoto wanaijua, jirani naye anaijua. Kinachozichosha familia zetu ni siku zinazofuata: kazi isiyo na saa ya kuanza wala ya kumaliza, inayofanyika kwenye meza ileile ambayo watoto wanaandikia homuweki, na ambayo mteja hakuilipia kwa sababu fundi mwenyewe hakuitaja.

Tupige hesabu ya mfano. Chukua harusi ya shilingi 1,200,000. Wasaidizi wawili wachukue 200,000, usafiri na chakula 100,000, droni ya kukodi 200,000, flashi na diski 100,000. Zinabaki 600,000. Ukiamini kwamba umefanya kazi siku moja, hizo ni fedha nzuri sana. Sasa ongeza saa. Siku yenyewe, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita usiku, ni saa 17. Vikao na simu kabla ya harusi, tuseme saa 5. Kuhamisha picha kutoka kwenye kadi na kuzipanga, saa 3. Kuediti, saa 30. Marekebisho ya mteja, saa 5. Jumla ni saa 60, na kila saa imekuingizia shilingi 10,000 kabla ya kufikiria kamera inayochakaa. Angalia vizuri hizo 60: sitini kasoro kumi na saba ni arobaini na tatu, na karibu zote utazifanyia nyumbani. Zaidi ya theluthi mbili ya kazi unayoiita ya ukumbini inafanyika mbele ya watoto wako.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mwajiriwa. Mwenye biashara yake hafungwi na kipimo hicho, lakini ni kipimo kizuri cha mwili wa binadamu. Wiki nne kwa saa 45 ni saa 180, sawasawa na harusi tatu za mfano wetu. Anayepokea harusi nne kwa mwezi na kuziediti mwenyewe amefika saa 240. Hizo 60 za ziada hazitoki hewani. Zinatoka kwenye chakula cha jioni, kwenye kikao cha wazazi shuleni, kwenye usingizi. Kwa hiyo swali la kwanza la biashara hii ni Jumamosi ngapi unaweza kuziuza kwa mwezi bila kuuza na siku za katikati. Kila fundi anapaswa kujua namba yake, na kuongeza harusi juu ya namba hiyo pale tu anapokuwa na mhariri wa kumlipa.

Kwa nini kuediti kunakula saa nyingi hivyo? Zamani kaseti ya dakika 60 ilichukua saa nzima kuingia kwenye kompyuta, na kaseti ilikuwa na gharama, hivyo tulirekodi kwa nidhamu. Leo kadi inameza saa nyingi na hakuna anayezima kamera. Kamera inayorekodi video ya 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde inazalisha takriban gigabaiti 45 kwa saa. Kamera tatu zikikusanya saa 12 kwa jumla, una gigabaiti 540 mezani. Kabla hujakata hata kipande kimoja, kuitazama kazi yote mara moja tu kutakuchukua saa 12.

Basi tiba ya nyumbani inaanzia ukumbini. Viapo, pete, nasaha za wazazi na kukata keki virekodiwe mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti safi. Foleni ya chakula haihitaji zaidi ya dakika mbili. Foleni ya zawadi ndiyo yenye mtego, kwa sababu inaweza kwenda saa nzima, na kila aliyechanga anataka kujiona siku video itakapowekwa. Haki yake hiyo iheshimiwe: kila kundi lipate sekunde zake 20 sura zikionekana, kisha kamera izimwe mpaka kundi linalofuata. Msaidizi anayejua wakati wa kuzima kamera anakurudishia jioni kadhaa za wiki, na mimi ningemwongezea posho kwa ujuzi huo kabla ya mwingine wowote.

Kuna kazi nyingine ambayo mashine inaweza kuifanya peke yake na sisi tunakaa kuisindikiza bila sababu: kunakili diski, kutengeneza nakala nyepesi za kueditia, kutoa faili la mwisho. Zianzishe unapokwenda kulala. Kompyuta ya mezani iwe na kifaa cha akiba ya umeme, kwa sababu umeme ukikatika usiku wa manane asubuhi unaanza upya na ratiba ya nyumba nzima inavurugika. Usiku wa harusi wenyewe usilale kabla picha hazijawa na nakala mbili, katika diski mbili tofauti. Ya tatu ikae nyumba nyingine, kwa dada au kwa rafiki, na kadi zisifutwe mpaka mteja apokee kazi. Mtoto wa miaka minne anayechomoa waya hana kosa. Waya wa harusi ya watu haukupaswa kupita sebuleni. Chumba kidogo chenye mlango kinatosha. Kisipopatikana, kona yenye saa zake: fundi yuko kazini watoto wakiwa shule, na jioni kompyuta inafungwa.

Sasa fedha, ambayo kwa kweli ndiyo inayoleta maneno ndani ya nyumba kuliko uchovu. Harusi zetu Tanzania huendeshwa kwa michango, chini ya kamati yenye mwenyekiti na mweka hazina. Michango mingi huingia siku za mwisho kabisa, na mingine haiingii. Mpiga video hupewa malipo ya awali, kisha huambiwa salio atalipwa baada ya sherehe. Lakini baada ya sherehe kamati huvunjwa. Mwenyekiti amerudi kazini kwake, mweka hazina anasema daftari limefungwa, maharusi wako fungate. Ukumbi na mpishi walishalipwa kwa sababu bila wao sherehe isingekuwepo. Wewe umebaki na kazi ambayo haijaisha na mtu wa kukulipa hayupo. Hapo ndipo ada ya shule inapochelewa. Mkataba useme salio lote linalipwa kwenye kikao cha mwisho cha kamati, kabla ya Jumamosi ya harusi. Kamati zinakubali likisemwa mapema na kwa heshima. Zinalikataa likizuliwa wiki ya harusi.

Mkataba huohuo ubebe na mambo ya nyumbani, ingawa mteja hatajua kuwa ndiyo uliyoyafikiria. Uandike tarehe ya kukabidhi kazi, kwa mfano wiki sita, ili usipigiwe simu kila jioni ukiulizwa video iko wapi. Uandike marekebisho yanafanywa mara moja, kwa orodha moja iliyokubaliwa na maharusi wote wawili. Klipu fupi ya kuweka kwenye statasi kesho yake iwe na bei yake peke yake, kwa sababu Jumapili yako ndiyo inayoitengeneza. Biashara iwe na laini yake ya simu, na laini hiyo izimwe saa mbili usiku. Nimewasikia vijana wakisema mteja atakimbia. Bibi harusi anayekabidhi kumbukumbu ya siku yake kwa mtu anatafuta mtu mwenye utaratibu, na utaratibu huonekana hapa.

Tatizo kubwa la familia hizi, kwa maoni yangu, liko kwenye kalenda. Juni na Desemba shule zimefungwa, na harusi ni nyingi. Desemba ndugu wametoka mikoani, Wachaga wamepanda Moshi, na kumbi zimejaa. Kisha inakuja Kwaresima, ambapo kwa desturi Wakatoliki, Walutheri na wengine hawafanyi sherehe za harusi, na Ramadhani, ambapo sherehe za Waislamu husimama mpaka Idi, kisha Mfunguo Mosi zinafumuka. Matokeo yake mzazi ana fedha wakati hayupo, na yupo wakati hana fedha.

Miaka hii jambo hilo limekaza zaidi. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na sasa imekutana na Kwaresima. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari, na mwezi wa Ramadhani ukaandama siku hizohizo. Mwaka 2027 zitakutana tena ndani ya wiki moja ya Februari. Fundi aliyezoea kupiga harusi za Waislamu wakati Wakristo wamefunga, na za Wakristo wakati Waislamu wamefunga, hana tena mlango wa pili. Na pale mbele, mwaka 2030, Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, katikati ya msimu ambao wengi wetu tunautegemea kwa mwaka mzima.

Kinachosaidia ni kuihamisha fedha ya Desemba kabla haijaonekana kuwa nyingi. Gawa matumizi ya nyumba ya Februari na Machi kwa idadi ya harusi za Novemba na Desemba, na kila salio likiingia sehemu hiyo iende kwenye akaunti isiyoguswa. Halafu Jumamosi za Kwaresima zitumike kwa watoto kwa makusudi. Wengi wetu tunazipoteza tukizunguka kwenye maduka ya kamera, tukihangaika kwa sababu simu hailii. Na mwanzoni mwa mwaka, kabla ya kupokea harusi yoyote, andika kwenye kalenda komunio ya mtoto, mahafali, maulidi ya nyumbani, siku ya kwenda kumwona bibi kijijini. Hizo zimeshauzwa. Anayepiga simu kuulizia tarehe hiyo aelekezwe kwa fundi mwenzako, naye atakurudishia siku yake.

Pwani kuna jambo jingine ambalo mafunzo ya mijini huliacha. Zanzibar, Mombasa na Lamu, sherehe za wanawake zina wanawake peke yao, wamevua mabaibui, wamejipamba, na mara nyingi simu za kamera hazikubaliwi ndani. Mpiga video lazima awe mwanamke. Hii imewafungulia dada zetu soko ambalo wanaume hawaligusi, lakini masharti yake hayaishii mlangoni pa ukumbi. Picha zile haziwezi kueditiwa sebuleni wakati mume, shemeji na watoto wa kiume wanapita. Ni amana ya wanawake waliokuamini, wengine wao majirani zako. Kwa hiyo mama anayefanya kazi hii anahitaji chumba chenye kufuli na mhariri mwanamke kuliko anavyohitaji lenzi mpya, na anahitaji mume anayekubali, bila kununa, kuwa kuna kazi ndani ya nyumba yake asiyoruhusiwa kuitazama.

Na tuzungumze juu ya yule mwingine ndani ya nyumba. Biashara ndogo ya video za harusi huandikwa jina la mtu mmoja na kubebwa na wawili. Kuna anayepokea simu za kamati, anayewapikia wasaidizi alfajiri, anayepokea mteja aliyekuja kuchukua flashi, anayekaa na watoto kila Jumamosi ya mwaka. Mara nyingi huyo anaitwa mke wa fulani tu. Sheria yetu ilikwishamtazama vizuri zaidi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitafsiri kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na kusema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kamera iliyonunuliwa kwa fedha za harusi ina jasho lake.

Isisubiriwe mahakama kulitambua hilo. Rudi kwenye harusi yetu ya 1,200,000 na uongeze mstari mmoja juu ya ule wa droni: malipo ya mwenzako, kiasi mlichokubaliana wawili, kinachotoka kila harusi kabla faida haijahesabiwa. Ukiuandika mstari huo utagundua kwamba bei uliyokuwa ukiwatajia watu ilikuwa ndogo, na bei mpya utakayoitaja kwenye kikao kijacho cha kamati itakuwa ya haki kwa nyumba yote.