Mafua Yasiyo na Homa

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumzie mafua yasiyokwisha. Pale Mwaloni Kirumba, Igombe au Kayenze utamkuta mtu anapiga chafya mfululizo, pua inachuruzika maji, macho yanamwasha, lakini mwili hauna joto. Wengi hukimbilia dawa za malaria au antibaiotiki. Hazitawasaidia.

Mara nyingi hayo ni mafua ya mzio. Mwili umekosea: unapambana na vumbi au chavua ya nyasi kana kwamba ni vijidudu vya maradhi. Basi jiulize, yanaanza lini? Nyasi zinapochanua? Unapofagia? Mawingu ya wadudu wa ziwani yanapofika ufukweni? Ukishamjua adui, mwepuke: nyunyiza maji kabla ya kufagia, funika pua kwa kitambaa, nawa uso urudipo nyumbani.

Vidonge vya kutuliza mzio vipo, ila vile vya zamani, kama klorfeniramini, huleta usingizi. Mvuvi asivimeze kisha akaingia ziwani usiku, wala dereva asishike usukani. Mwulizeni mfamasia visivyolewesha. Kifua kikibana na kutoa mluzi, nenda hospitali upesi. Huenda ni pumu. Na homa ikiwapo, kapime damu kwanza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.