Askari Aangukaye kutoka Juu Kuliko Kilimanjaro

Ukiwa Themi, pale mjini Arusha, siku isiyo na mawingu, inua macho uutazame Mlima Meru. Kilele chake kipo mita 4,562 juu ya usawa wa bahari. Kisha ufikirie na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895. Sasa sikia neno la ajabu: wako askari ambao hutoka mlangoni mwa ndege wakiwa mita 7,600 juu, kupita Kibo kwa zaidi ya mita 1,700. Nao hawafungui mwavuli mara moja. Huanguka kama jiwe kwa dakika moja na zaidi, na kuufungua karibu na nchi.

Watu wakisikia habari hizi husema, "Hao ni watu wasio na hofu." Basi, tuyachunguze mambo yenyewe, maana vijana wetu wengi hupenda kazi ya jeshi. Tutaona kwamba askari wa namna hii huokolewa na mambo madogo madogo, yanayofanywa kila mara kwa mpango uleule.

MIRUKO YA NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni ile ya askari wengi. Kila mtu hufunga ukanda wake katika waya uliomo ndani ya ndege. Akiruka, ukanda huo huuvuta mwavuli ukafunguka wenyewe. Hivyo ndivyo walivyoruka askari wa Ubelgiji zaidi ya 300 alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, juu ya kiwanja cha ndege cha Stanleyville huko Kongo, mji uitwao leo Kisangani. Walikwenda kuwaokoa mateka, ambao miongoni mwao walikuwamo mapadre na masista. Waliruka kutoka chini sana, kiasi cha mita 200 tu, ili wasikae hewani na kupigwa risasi. Mamia ya mateka waliokolewa, lakini wengine waliuawa asubuhi ileile kabla ya askari kuwafikia.

Namna ya pili ni ya wachache: kuanguka huru. Hapa hakuna ukanda. Askari huruka kutoka juu sana ili ndege isisikike na adui. Kisha huanguka kwa mwendo upatao kilometa 200 kwa saa, na kule juu kwenye hewa nyepesi huwa zaidi. Mwavuli ataufungua kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo ni lazima ajue daima yuko kimo gani, na akili yake iwe nzima.

HEWA NYEPESI

Wapagazi wa Kilimanjaro watakuambia jinsi wageni wanavyougua mlimani: kichwa huuma, chakula hakipandi, wengine husema maneno yasiyo na maana. Na wageni hao wamepanda pole pole kwa siku tano, sita au saba, mwili ukizoea. Ndege hupita kimo hicho kwa muda mfupi mno, mwili usipate nafasi ya kuzoea.

Katika mita 7,600 kifua hupata oksijeni chini ya nusu ya ile ya pwani. Mtu asiye na chombo cha kumpa oksijeni ana dakika tatu mpaka tano tu za kufikiri sawasawa. Na hatari kubwa ni kwamba yeye mwenyewe hatambui. Hujiona yu mzima, hata hucheka, huku akili inapotea.

Kuna na jambo jingine. Fungua chupa ya soda uone mapovu yanavyotoka ghafula. Ndivyo inavyoweza kutokea mwilini: hewa iitwayo naitrojeni, iliyoyeyuka katika damu, hutoa mapovu mtu apandapo juu haraka, yakaumiza viungo na hata ubongo. Kwa sababu hiyo askari hupumua oksijeni tupu kwa dakika 30 au zaidi kabla ya kuruka, ili naitrojeni itoke mwilini pole pole. Akiivua barakoa yake hata kidogo katikati ya muda huo, yampasa kuanza tena tangu mwanzo, au asiruke siku hiyo. Hakuna kusema, "Ni pumzi moja tu."

HESABU YA KIMO

Hapa ndipo pana fundisho kubwa kwa sisi wa nchi ya milima. Askari huvaa mkononi altimita, yaani chombo cha kupimia kimo, mfano wa saa. Chombo hiki hupima uzito wa hewa. Hakijui nchi iko wapi. Wewe ndiwe ukiambiaye, "Hapa ndipo sifuri."

Tufanye hesabu pamoja. Kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, KIA, kipo mita 894 juu ya bahari. Kiwanja cha Arusha mjini kipo mita 1,387, na mwendo wa kati yao ni kama kilometa 50 tu. Tuseme askari anapanda ndege KIA, anaweka sifuri hapo, anakuja kuruka juu ya Arusha, naye ameamriwa kufungua mwavuli katika mita 1,200. Mshale utakapoonyesha 1,200, yeye atakuwa mita 707 tu juu ya nchi. Kwa mwendo ule wa kuanguka, amekwisha kupoteza sekunde tisa, na zilizobaki hazifiki kumi na tatu.

Sasa tuseme ametoka Dar es Salaam, karibu na bahari, akaweka sifuri huko. Ataigonga ardhi ya Arusha kabla mshale haujafika 1,200. Atakufa akiitazama altimita yake, nayo inamwambia kwamba bado hajafika.

Altimita haikuharibika. Kosa ni la mtu aliyesahau kujumlisha na kutoa. Ndiyo maana kabla ya safari hesabu hii hufanywa na mmoja, ikasahihishwa na mwingine, na kila askari huitengeneza altimita yake kwa kimo cha mahali atakapotua.

MWAVULI WA AKIBA

Kila askari aangukaye huru ana miamvuli miwili, mkubwa na wa akiba. Wa akiba hukunjwa na fundi mwenye cheti, naye huandika jina lake na tarehe, ili ajulikane ni nani aliyebeba dhamana ya uhai wa mwenzake.

Tarehe 16 Novemba 1959 Joseph Kittinger, rubani wa jeshi la anga la Marekani, aliruka kutoka katika puto lililokuwa juu zaidi ya mita 23,000. Mwavuli wake mdogo wa kumtuliza ulifunguka kabla ya wakati, na kamba ikamzunguka shingoni. Akazungushwa kama pia, mara 120 kwa dakika, akazimia. Uhodari wake wote haukuweza kumsaidia kitu. Aliokolewa na mwavuli wa akiba uliotegwa ufunguke wenyewe. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Agosti 1960, aliruka tena kutoka mita 31,300 akatua salama, naye aliishi hata mwaka 2022.

Siku hizi chombo cha namna hiyo ni kidogo sana. Mjerumani Helmut Cloth alikitoa chake mwaka 1991. Mtu akiwa bado anaanguka kwa kasi na nchi imekaribia, kiasi cha mita 225, kisu kidogo hukata kamba na mwavuli wa akiba hutoka. Lakini angalia: chombo hiki nacho hupima hewa. Kisipoambiwa kwamba Arusha ni juu kuliko KIA, kitangojea mita 225 ambazo zimo ndani ya ardhi. Mlinzi naye ataka kuelekezwa.

JINSI WANAVYOFUNZWA

Katika chuo cha jeshi la Marekani huko Yuma, Arizona, hapokewi mtu asiyekwisha kuruka kwa ukanda. Kwanza hufunzwa katika chumba chenye upepo mkali utokao chini, ajifunze kulala hewani tumbo likielekea nchi. Kisha huruka na mwalimu kando yake, bila mzigo, ndipo baadaye na mzigo, na oksijeni, na usiku. Kabla ya kila mruko mkuu wao humkagua kila mmoja tangu kofia mpaka miguu, kwa mpango uleule, akigusa kila kifungo kwa mkono. Hata jemadari hukaguliwa. Na yeyote aonaye hatari ana ruhusa ya kusema "Simama," na wote husimama.

Ninyi wazazi, pengine mwanao atatamani siku moja kwenda Monduli kufunzwa uofisa, au kuingia kikosi cha miamvuli. Usimwulize tu kama ana moyo wa simba. Mtazame nyumbani. Je, huikagua kamba kabla ya kumteremsha mwenzake kisimani? Huangalia breki za baiskeli kabla ya kuushuka mteremko? Akikosolewa na mdogo wake katika hesabu, hukasirika, au hurudia hesabu? Kijana afanyaye hivyo bila kusimamiwa amekwisha kuanza mafunzo yake, hata kama hatapanda ndege maisha yake yote.