Eris (sayari kibete)

Eris (namba ya orodha 136199) ni sayari kibete iliyo ng'ambo ya Neptuni. Kati ya sayari kibete zinazojulikana ndiyo yenye masi kubwa zaidi, na ugunduzi wake ulisababisha Pluto kuondolewa katika orodha ya sayari.

Obiti

Eris huzunguka Jua mara moja kwa miaka 560 hivi. Obiti yake ni duaradufu ndefu: umbali kutoka Jua hubadilika kati ya kilomita bilioni 5.7 na bilioni 14.6. Ilifika mbali zaidi mnamo mwaka 1977, na hadi leo haijasogea sana kutoka hapo. Nuru ya Jua hufika Duniani kwa dakika 8. Ile inayotoka saa 12 asubuhi hufika Eris baada ya saa 1 usiku. Uso wake umefunikwa na methani iliyoganda, hivyo ni mweupe na huakisi zaidi ya asilimia 90 ya nuru inayoupiga.

Ugunduzi na mjadala

Mike Brown, Chad Trujillo na David Rabinowitz waliitambua tarehe 5 Januari 2005 katika picha zilizopigwa Palomar, Marekani, tarehe 21 Oktoba 2003. Mwanzoni programu ya kompyuta iliiruka kwa sababu ilisogea polepole mno.

Vipimo vya kwanza vilionyesha kuwa ni kubwa kuliko Pluto. Kama Pluto ni sayari, basi Eris nayo ingekuwa ya kumi, na nyingine zingefuata. Tarehe 24 Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ukikutana Prague, uliamua kwamba sayari ni lazima iwe imesafisha njia yake, sharti ambalo Pluto na Eris hazitimizi. Mwezi uliofuata Eris ilipewa jina la mungu wa kike wa ugomvi wa Wagiriki wa Kale, jina lililoifaa.

Mara nyingi husemwa kwamba Pluto ilishushwa kwa kuwa ni ndogo kuliko Eris. Si kweli. Tarehe 6 Novemba 2010 Eris ilifunika nyota ikitazamwa kutoka Chile, na muda wa nyota kupotea ulionyesha kipenyo cha kilomita 2,326. Kipenyo cha Pluto, kilichopimwa na chombo cha New Horizons mwaka 2015, ni kilomita 2,377. Hata hivyo mwendo wa Dysnomia, mwezi wa Eris, unaonyesha kwamba masi ya Eris inazidi ile ya Pluto kwa asilimia 27 hivi. Ina mwamba mwingi zaidi ndani yake.

Kuitazama

Eris iko sasa katika kundinyota la Ketusi, karibu na ikweta ya anga, kwa hiyo katika Afrika Mashariki hupita karibu na utosi. Huko Mloka, kando ya mto Rufiji, katikati ya Oktoba hupita nyuzi 7 hivi kaskazini mwa utosi, karibu na saa 6 usiku. Lakini hata katika giza la kijijini haionekani kwa macho: ni hafifu mara zaidi ya 100,000 kuliko nyota dhaifu kabisa tunazoziona. Inahitajika kamera iliyofungwa kwenye darubini, na picha mbili za usiku tofauti. Katika kila moja Eris ni nukta kama nyota nyingine. Hutambulika kwa kuwa imehama.