MAPUMZIKO YA NYUMBANI NI HAKI, SI UVIVU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewapangia waja wake saa za kazi na saa za usingizi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo ni Ijumaa. Baada ya sala wengi wenu mtarejea kazini, kwani katika nchi yetu siku hii si ya mapumziko. Wala hilo si kosa. Sura ya 62 ya Qurani, yenye jina la siku hii, imetuamuru kuacha biashara tunapoitwa kwenye sala, kisha ikaturuhusu kutawanyika tukatafute riziki. Lakini kesho na keshokutwa ofisi nyingi na shule zitafungwa. Je, siku mbili hizo tutazitumiaje majumbani mwetu?

Wako wanaodhani kwamba mcha Mungu hapumziki. Fikra hiyo ilikwisha kusahihishwa zamani, huko Madina. Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha Salman na Abu Dardaa kuwa ndugu. Siku moja Salman alimzuru nduguye, akamkuta mkewe hakujipamba, amevaa nguo chakavu. Alipomwuliza sababu, mama yule akajibu kuwa mumewe hana haja tena na mambo ya dunia. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye. Usiku akamzuia kuamka mapema, wakalala hata usiku ukaenda sana, ndipo wakaamka wakasali pamoja. Kisha akamfunza kuwa Mola wake, nafsi yake na watu wa nyumbani kwake, kila mmoja anamdai haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), alithibitisha kuwa Salman amesema kweli.

Tazameni, ndugu zangu, kosa lilivyotambulikana: halikuonekana msikitini, lilionekana katika nguo za mke. Asiyejipa haki yake huwanyima na wenziwe haki zao.

Sheria ya nchi nayo imelizingatia jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa juma, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Lakini sheria hiyo humlinda mwajiriwa mbele ya mwajiri wake. Ni nani atakayemlinda mama wa nyumbani?

Hapa Songea, tangu mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka hadi mahindi yavunwe, mfanyakazi wa mjini huitumia Jumamosi kwa jembe. Hilo ni jema, kwani kulima ni ibada kwa mwenye nia njema. Ila warudipo shambani wote wawili, mume huketi barazani na redio yake, na mke huingia jikoni, kisha kisimani, kisha kwenye nguo chafu. Hayo si mapumziko ya nyumba. Ni mapumziko ya mtu mmoja kwa jasho la mwingine. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwatumikia watu wake, na wakati wa sala ulipofika akatoka kwenda kusali. Basi enyi waume na vijana wa kiume, tekeni maji, osheni vyombo, ili mama naye apate saa ya kuoga kwa utulivu na kujinyosha.

Enyi wanafunzi, kijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji kulala saa 8 hadi 10 kila siku. Anayekesha juu ya daftari usiku baada ya usiku hupoteza alichosoma, kwani akili hupanga mafunzo yake usingizini. Laleni mapema, amkeni kwa Alfajiri, na mchana jipumzisheni kidogo. Sura ya 24 imeutaja wakati wa adhuhuri kuwa ni saa ya watu kuvua nguo zao na kujistarehesha.

Jambo jingine ni la uhai. Mji wetu uko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai baridi hutuuma. Msiingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu huweza kufa usingizini pasipo kujua. Mtume (S.A.W.) alikataza kuacha moto ukiwaka nyumbani wakati wa kulala. Zidisheni mablanketi, na jiko libaki nje.

Mwisho, kupumzika si kulala hata jua lichomoze na Alfajiri ipotee, wala si kwenda kilabuni. Ni kukata kucha na kufua kanzu, kula pamoja, kuzungumza na watoto, kumjulia hali mgonjwa wa jirani, ili Jumatatu mwili uamke una nguvu na moyo una shukrani.

Ewe Mola wetu, zitie nyumba zetu utulivu na huruma, utujaalie kazi ya halali na mapumziko yenye kheri. Amin.