Uvimbe wa Matiti Usio Saratani: Dawa za Kichina Hufanyaje Kazi?

Mama au dada akigusa donge katika titi lake, fikra ya kwanza ni saratani. Alhamdulillahi, madonge mengi ya matiti si saratani. Lakini wengi huona haya kulisema jambo hili hata kwa mume au daktari, wakaanza kutafuta dawa za miti kimya kimya. Miongoni mwa hizo ni dawa za Kichina. Basi tuangalie zinavyodhaniwa kufanya kazi, na wapi kazi yake inakomea.

Ndani ya titi mna tezi za maziwa, mirija, mafuta na nyama ya kuzishikilia. Kila mwezi homoni za estrojeni na projesteroni huzitayarisha tezi hizo kwa mimba. Mimba isipoingia, hurudi katika hali yake. Kwa baadhi ya wanawake tezi hazitulii sawasawa. Titi hujaa na kuuma kabla ya hedhi, likafanya vinundu au vifuko vya maji. Wasichana nao huweza kupata fibroadinoma, donge linaloteleza chini ya vidole.

Waganga wa Kichina huviita vinundu vya namna hii rupi. Kwa maelezo yao, huzuni na hasira za muda mrefu huizuia qi, yaani nguvu ya uhai, isipite vizuri katika njia ya ini, ambayo kwao hupitia kifuani. Dawa yao mashuhuri, Xiaoyao San, imo katika kitabu cha dawa cha zama za wafalme wa Song, zaidi ya miaka 800 iliyopita. Ina mizizi ya chaihu, danggui na baishao, pamoja na vitu tunavyovijua majumbani kwetu: tangawizi, nanaa, na ule mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irq sus.

Wanasayansi wa leo hawapimi qi, wanapima homoni. Huwadunga panya majike estrojeni mpaka tezi zao zivimbe, kisha huwapa dawa hizi. Katika majaribio kadhaa estrojeni na prolaktini zilishuka, projesteroni ikapanda, na seli za tezi zikapunguza kasi ya kuzaana. Kwa wanawake pia kuna tafiti zilizoonesha maumivu kupungua. Lakini nyingi ni ndogo na za muda mfupi, na maumivu ya aina hii huweza kuondoka yenyewe. Kwa hiyo tuseme "huenda zikasaidia", tusiseme "zinaponya".

Na kuwa dawa ni ya miti si dalili kuwa haina madhara. Irq sus ikitumiwa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu na kupunguza potasiamu mwilini. Danggui ikichanganywa na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huweza kuleta kutokwa na damu. Mwenye mimba, anayenyonyesha au anayetumia dawa nyengine asizinywe bila ya kumuuliza daktari.

Kubwa zaidi ni hili: dawa huweza kutuliza maumivu, lakini haiwezi kukwambia donge ni la nini. Saratani ya matiti mara nyingi haiumi mwanzoni. Aliyekunywa dawa miezi sita na maumivu yakaisha, huenda akadhani amepona na donge bado lipo.

Kwa hivyo upimwe kwanza: daktari akuguse, ufanyiwe altrasaundi au eksirei ya matiti, na ikihitajika ichukuliwe nyama kidogo ichunguzwe. Ukiona haya, omba daktari mwanamke. Usingoje ikiwa donge ni gumu na halipungui baada ya hedhi, ngozi imefanya vishimo kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, au kuna donge kwapani. Ukishajua ni kitu gani, ndipo uzungumze na daktari wako kuhusu dawa, ya Kichina au nyengine.