Bati Haliuzwi kwa Amri

Kila mwaka wako askari na polisi wanaovua sare baada ya utumishi wao, na aghalabu jambo la kwanza linalowajia moyoni ni biashara. Wengi nchini Rwanda wanayo akiba katika Zigama CSS, chama cha akiba na mikopo kilichoanzishwa mwaka 1997, ambacho huwahudumia wanajeshi, polisi na watumishi wa magereza. Akiba hiyo ni jasho la miaka mingi, nayo yaweza kuyeyuka katika misimu miwili ya mvua ikitiwa katika biashara isiyofahamika. Miongoni mwa biashara zinazovutia ni uuzaji wa mabati ya kuezekea, na mahali panapotajwa upesi ni Nyabugogo.

Sababu yake ni wazi. Nyabugogo ndiyo lango la Kigali. Mwananchi atokaye Musanze, Huye au Rubavu hushuka hapo asubuhi, fedha zake zikiwa zimefungwa vema, na jioni sharti awe ndani ya basi la kurudi. Atapita maduka matatu au manne. Muuzaji mgeni, kwa hofu ya kumpoteza, humrukia kwa bei hata kabla ya salamu. Hapo ndipo anapompoteza, kwa kuwa bei ya jirani yaweza kuwa chini kwa faranga chache, naye hana tena la kumwambia.

Yafaa kwanza iulizwe nyumba, bei ije nyuma. Je, ina urefu gani? Paa limeinama kiasi gani? Mbao zimekwisha kupigwa, au fundi yungali akipima? Tuseme nyumba ya paa la pande mbili ina urefu wa mita 9, na bati moja latosha kutoka kileleni hadi ukingoni. Bati lina upana wa sentimita 90, lakini likilaliwa na jirani yake hufunika sentimita 75 tu. Asiyejua hugawa kwa 90, akauza mabati 20. Ajuaye hugawa kwa 75, akauza 24. Yule wa kwanza amempa mteja wake safari ya pili ya basi, fundi aliyekaa bure na, mvua ikinyesha, kitanda kilicholowa. Mteja huyo harudi dukani hapo, na kijiji kizima kitaarifiwa.

Jambo la pili ni unene. Katika mabati, geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Tarakimu ikipanda, bati linapungua. Wanunuzi wengi hudhani kinyume chake, na wako wauzaji wanaowaacha wadhani hivyo. Mwenye duka anayeweka vipande viwili mezani, akamwacha mteja avikunje kwa mikono yake mwenyewe, hahitaji maneno mengi. Asikataze bati jembamba, maana huenda mtu anaezeka banda la mbuzi; bali amweleze kwamba nyumba iliyo juu ya kilima, ipigwapo na upepo wa mwezi wa Aprili, haifai kuvikwa bati la banda.

Askari huja na mtaji ambao wengine hawana: kuamka mapema, kuhesabu ghala bila kubahatisha, kutimiza miadi ya saa. Lakini sauti ya gwaride ibaki kambini. Mama aliyetoka kijijini kununua mabati 24 si kuruta. Akiuliza jambo lile lile mara tatu, ajibiwe mara tatu. Na bei atajiwe kamili, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kisha apewe risiti ya mashine. Anayetaja bei moja mlangoni na nyingine kwenye risiti amejiharibia mwenyewe.

Asisahau kofia za paa na misumari yenye raba. Misumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, kamwe si katika bonde lake, kwa kuwa maji hupita bondeni. Neno hilo moja, likisemwa wakati wa kufunga mzigo, huokoa lawama nyingi ambazo fundi angezielekeza kwa duka.

Wanunuzi wako wapi? Kampeni ya kuondoa nyumba za nyasi, iliyojulikana kama Bye Bye Nyakatsi, ilikamilishwa mwaka 2011, na askari wetu walishiriki katika ujenzi. Mabati ya wakati ule sasa yana umri unaopita miaka kumi. Aliyesaidia kuyapandisha anazijua njia za vijiji vile, na hana haja ya kungoja kituoni.

Mabati ya bei ya ajabu yasiguswe. Mwaka 2023, nchini Uganda, mawaziri watatu walishtakiwa mahakamani kwa sababu ya mabati yaliyokusudiwa wananchi wa Karamoja. Bati lenye alama ya serikali likiletwa usiku kwa nusu bei, mtu aliyewahi kuvaa sare hawezi kusema kwamba hakuelewa.

La mwisho ni ghala. Nyabugogo iko bondeni, na mvua kubwa huleta mafuriko. Mabati yasilazwe sakafuni. Yainuliwe juu ya magogo, yainamishwe kidogo upande mmoja, na hewa ipite. Maji yakinaswa kati ya bati na bati, zinki hutoka madoa meupe ambayo hakuna mnunuzi asiyeyaona. Rundo likinyeshewa, lifunguliwe siku ile ile, na kila bati lipanguswe kwa kitambaa kikavu kabla ya kupangwa tena.